UZI: Barua ya mbunge wa steti (jimbo la Marekani) imefika tena, wabeba boksi wa Minnesota njooni tuisome pamoja, kuna hela zetu humu

Mzee wa Theluji (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za majukumu.

Najua humu mtu akisikia siasa za Marekani anawaza Trump na Congress basi. Hata sisi tulioko huku ndiyo hivyohivyo, tunakesha tunabishana mambo ya Washington kwenye grupu la WhatsApp halafu barua ya mbunge wa steti ikija tunaitupa pamoja na matangazo ya pizza. Mwaka huu wa 2025 nimeisoma yote, nikaona nianzishe uzi, maana humo ndani kuna vitu vinagusa mshahara wako, kodi ya nyumba yako na sahani ya mtoto wako shuleni, ila vimefichwa katikati ya picha za mheshimiwa anakata utepe na kupeana mikono na askari wa zimamoto.

Kwa mlioko nyumbani niwaweke sawa kwanza. Minnesota ina bunge lake pale St. Paul, Baraza la Wawakilishi lina watu 134 na Seneti watu 67. Kila wilaya ya seneta inakatwa vipande viwili, A na B, kila kipande na mwakilishi wake, kwa hiyo ukikaa hapa una seneta wako na mwakilishi wako wa steti, mbali kabisa na wale wa Washington. Mwakilishi anarudi kuomba kura kila baada ya miaka miwili, ndiyo maana barua haziishi. Hana mfuko wa jimbo wa kugawa mabati na madawati. Kazi yake ni kutunga sheria na kupitisha bajeti ya miaka miwili, na hii ya sasa iliyoanza Julai 1, 2025 ni kama dola bilioni 66.

Sasa barua yangu (simtaji mheshimiwa, sitaki kumuanika mtu, naishi vitongoji vya kusini mwa Minneapolis inatosha) inaanza na "kikao kigumu lakini chenye mafanikio". Kigumu kweli. Uchaguzi wa Novemba 2024 ulitoa 67 kwa 67 pale Barazani, sare tupu. Halafu mshindi mmoja wa Democrat, mahakama ikasema hakuwa mkazi wa wilaya yake, ikabaki 67 kwa 66. Republican wakasema sisi ndio wengi, tunachagua Spika. Democrat wakagoma kuingia ukumbini kuanzia Januari 14, 2025 ili akidi (idadi ya chini ya wabunge ya kuendesha kikao) isitimie. Kesi ikaenda Mahakama Kuu ya steti, ikaamua akidi ni watu 68, nukta. Mwanzoni mwa Februari ndiyo wakaelewana, Lisa Demuth wa Republican akawa Spika, uenyekiti wa kamati ukagawanywa. Barua yangu haya yote imeyapitia kwa sentensi moja tu, "baada ya ucheleweshaji wa awali". Aisee! Wiki tatu watu hawajaingia kazini inaitwa ucheleweshaji wa awali. Mimi nikikosa shifti tatu tu napokea simu.

Hiyo ndiyo sababu ya uzi huu. Taarifa za hawa waheshimiwa si uongo, ila zimepikwa. Angalia jambo limefika hatua gani. Akisema "niliwasilisha muswada wa kupunguza kodi ya majengo", hiyo haina maana yoyote. Miswada inaingia kwa maelfu kila kipindi, na muswada mmoja kule Barazani unaweza kuwekwa majina ya wabunge hadi 35, kwa hiyo kila mtu anajisifia mtoto yuleyule. Unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kamati, na mingi inafia hapohapo bila hata kusikilizwa. Inayopona mara nyingi inabanwa ndani ya ule muswada mkubwa wa mkusanyiko, wenyewe wanauita omnibasi, ndani yake kuna mazuri na mabaya yamefungwa kamba moja, ukipiga ndiyo umekubali yote. Mwaka 2024 usiku wa mwisho wa kikao walipitisha mmoja wa kurasa zaidi ya 1,400. Nani alisoma ule?

Kwa hiyo mimi naisoma barua hivi: kwanza natafuta kilichosainiwa na gavana na tarehe ya kuanza kutumika, pili naangalia kura yake mwenyewe kwenye tovuti ya bunge, maana kura zote ziko wazi kwa jina. Mengine yote ni mapambo.

Nakuja na vyenye hela, ngoja ninywe chai.

Kidagaa

Nimekaa siti ya mbele, mkuu endelea.

Tozo Hapana

Yaani mbunge anakuandikia barua nyumbani?? Huku kwetu mbunge tunamuona kampeni na misibani tena msiba wenyewe uwe wa mtu mkubwa. Halafu wewe unalalamika barua imepikwa, tupe hiyo iliyopikwa hivyohivyo tutakula mkuu.

Mzee wa Theluji

Hahaha Tozo, nakuelewa. Ila ukizoea kupata unaanza kudai iliyo bora.

Haya, ya hela. Namba moja ni likizo ya kulipwa, ile ya kuuguza na kujifungua. Sheria ilisainiwa Mei 2023, mwanzo wake ni Januari 1, 2026. Ukiugua au ukijifungua unapata hadi wiki 12, ukiwa unauguza ndugu au unalea mtoto mchanga hadi wiki 12 nyingine, ila kwa mwaka zote pamoja zisizidi 20. Mchango wa 2026 ni asilimia 0.88 ya mshahara, na mwajiri lazima alipe angalau nusu. Piga hesabu, unalipwa dola 22 kwa saa, saa 80 kwa wiki mbili, hiyo ni 1,760. Asilimia 0.44 yake ni dola 7 na senti 74. Ndiyo ya kukatwa kwenye cheki yako kuanzia Januari 2026, usije ukaona ukaanza kugombana na mhasibu.

Barua yangu imeandika "nililinda wafanyabiashara wadogo dhidi ya mzigo wa likizo". Nikaenda kuangalia. Mwaka 2025 kulikuwa na juhudi za kuiahirisha, hazikupita. Kwa hiyo kilicholindwa ni nini? Hakuna. Tarehe ya kuanza imebaki ileile.

Mama Ebeneza

Kaka shikamoo kwanza kama umenizidi, kama hujanizidi isalimie familia. Mimi nafanya nyumba za wazee mwaka wa ngapi sijui. Sasa hapo kwenye kuuguza ndugu, ndugu ni nani? Maana wazungu ndugu kwao mume mke na mtoto, mimi nimelelewa na shangazi.

Mzee wa Theluji

Marahaba mama, ingawa nahisi wewe ndiye dada yangu. Hapo sheria imekaa vizuri ajabu. Imetaja mume au mke, watoto, wazazi, wakwe, babu na bibi, wajukuu, ndugu wa tumbo moja, halafu ikaongeza na mtu yeyote mwenye uhusiano na wewe kiasi kwamba anakutegemea umtunze. Hapo shangazi aliyekulea anaingia, ila cheti cha daktari kuonyesha ugonjwa ni mzito lazima kiwepo.

Na wewe wa nyumba za wazee kuna mengine mawili. Mwaka 2023 waliunda bodi ya viwango vya kazi za nyumba za wazee, ndiyo iliyosema kuanzia 2025 sikukuu 11 mlipwe mara moja na nusu. Na ile ya likizo ya ugonjwa ya kawaida iliyoanza Januari 2024, kila saa 30 ulizofanya unajiwekea saa 1, hadi saa 48 kwa mwaka. Hata patitaimu, hata wa wakala, almradi umefanya saa 80 kwa mwaka ndani ya Minnesota. Angalia karatasi ya mshahara au mtandao wa mwajiri, kila mwisho wa kipindi cha malipo lazima akuonyeshe saa zako.

Mama Ebeneza

Hizo saa 48 mimi naambiwa na sipavaiza kila siku "hazijajikusanya bado". Nitaangalia hiyo karatasi leoleo.

Mwajiri Mdogo

Naomba na sisi tusikike. Mimi nina kaofisi ka kuhudumia wazee na walemavu majumbani, waajiriwa hawafiki 20, wengi ni wabongo na wakenya wenzetu. Mnashangilia tu. Likizo ya ugonjwa nalipa mimi, nusu ya huo mchango mpya nalipa mimi, na mfanyakazi akiondoka wiki 12 mgonjwa hawezi kusubiri, lazima nitafute mtu. Malipo ninayopata kutoka serikalini kwa kila saa ya huduma yanapangwa na bunge hilohilo, sipandishi bei kama mwenye duka. Mbunge wako akiandika ni mzigo kwa wadogo usimcheke, kuna watu tunaubeba.

Mzee wa Theluji

Mkuu hoja yako nzito, na ndiyo ambayo ingetakiwa iwe kwenye barua. Waajiri wa watu 30 kushuka chini wamewekewa kiwango cha chini cha mchango na kuna ruzuku ya kuajiri mbadala, hilo lifuatilie. Ninachokataa ni mheshimiwa kujisifu amezuia kitu ambacho hakijazuiwa. Angesema "nilijaribu nikashindwa" ningemheshimu.

Omogusii 612

Wasee wa Tz mko na stori fiti. Sisi huku Brooklyn Park tuko na mheshimiwa wetu kabisa, Huldah Momanyi Hiltsley wa 38A, mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuingia bunge la Minnesota, alichaguliwa 2024. Siku alishinda simu zililia mpaka Nyamira. Sasa swali yangu, nyumbani watu wananiuliza huyu ni kama MCA (diwani wa kaunti) ama ni kama MP? Mi huwa nawaambia ni MCA mwenye nguvu, niko sawa?

Mzee wa Theluji

Hongereni sana, ile ilikuwa furaha ya Afrika Mashariki yote. Ila MCA hapana boss. MCA wenu anapitisha bajeti ya kaunti ambayo hela yake kubwa inatoka Nairobi. Huku steti inakusanya kodi yake yenyewe ya mapato na ya mauzo, inatunga sheria za jinai, leseni, shule, ardhi, kazi. Kwa maisha ya kila siku huyu ana nguvu kwako kuliko yule wa Congress. Tena kumbuka kodi ya mauzo, kuanzia Oktoba 2023 hapa metro (Minneapolis, St. Paul na vitongoji) iliongezwa asilimia 1, robo tatu kwa mabasi na treni na robo kwa nyumba za bei nafuu. Ni bunge hili lilifanya. Kwenye risiti unaiona ukinunua televisheni, nguo na vyakula vingi havina kodi hiyo.

Omogusii 612

Sawa nimeelewa. Ila CDF, ule mfuko wa jimbo, hakuna, basi barabara yangu yenye mashimo nalia kwa nani?

Mzee wa Theluji

Barabara ya mtaani ni manispaa, ile kubwa yenye namba ya kaunti ni kaunti ya Hennepin, zile haiwei ni steti. Mbunge akikuandikia "nimepigania barabara zetu" muulize ipi. Miradi mikubwa ya ujenzi inaenda kwa muswada wa hatifungani, yaani steti kukopa, na huo una masharti yake, lazima theluthi... ngoja niseme vizuri, tatu ya tano ya kila nyumba, yaani kura 81 Barazani na 41 Seneti. Ndiyo maana chama kimoja hakiwezi peke yake, na mwaka 2024 haukupita kabisa. Mwaka 2025 ukapita wa kama dola milioni 700.

Dereva wa Njano

Mimi naendesha basi la shule. Kwenye barua yangu hakuna hata mstari kuhusu mafao ya kukosa kazi kiangazi. Kabla ya 2023 shule zikifungwa Juni sisi madereva, wapishi na wasaidizi wa darasani tulikuwa tunakaa miezi hiyo bila kitu maana sheria ilikuwa inasema mna kazi Septemba. Waliibadilisha, sasa tunaomba kama wengine. Kila mwaka kuna mtu anataka kuifuta. Mbunge wangu mimi alipiga nini sijui.

Mzee wa Theluji

Nipe namba ya wilaya yako PM nikuonyeshe pa kuangalia, dakika tano tu.

Bint wa Tanga

Jamani mimi nina la chakula. Watoto wangu wanakula bure asubuhi na mchana, kila barua ya Democrat ina ile picha ya watoto wakimkumbatia Gavana Walz, Machi 2023. Sasa mbona nadaiwa na shule? Kila mwezi meseji, "akaunti ina deni".

Dereva wa Njano

Dada watoto wako wanaongeza sahani hao 😂 Bure ni kifungua kinywa kimoja na lancha moja kwa siku. Ukirudi foleni mara ya pili, au ukichukua katoni ya maziwa peke yake bila chakula, inaandikwa. Nawasikia kwenye basi wakisimuliana.

Bint wa Tanga

Huyo ni Salim!! Na ndiyo maana jioni hali wali wangu.

Kidagaa

Mkuu kuna kitu umekiruka makusudi au? MinnesotaCare.

Mzee wa Theluji

Sikuruka, nilikuwa natafuta namna ya kukiandika.

Sheria ya 2023 iliruhusu wasio na karatasi (hati za uhamiaji) kujiunga na MinnesotaCare, bima ya afya ya steti, kuanzia Januari 2025, kwa kulipia kama wengine wa kipato hicho. Waliojiandikisha wakawa wengi kuliko makadirio. Republican wakasema hatupitishi bajeti mpaka hiyo itoke. Kikao cha kawaida kikaisha Mei 19, 2025 bajeti haijakamilika, gavana akaita kikao maalumu Juni 9, kikaisha alfajiri ya siku ya pili. Makubaliano yakawa watu wazima wasio na karatasi watoke mwisho wa 2025, watoto chini ya miaka 18 wabaki. Barazani ukapita 68 kwa 65. Ile ya 68 ilikuwa ya Melissa Hortman, kiongozi wa Democrat na Spika tangu 2019 hadi mwanzoni mwa 2025. Ndiye Democrat pekee wa Baraza aliyepiga ndiyo, kwa sababu ndiye aliyeahidi kwenye mazungumzo na bila hiyo bajeti ilikuwa inakwama na serikali kufunga ofisi Julai. Alitoka pale akaongea na waandishi analia.

Juni 14 akauawa nyumbani kwake Brooklyn Park, yeye na mumewe Mark. Seneta John Hoffman na mkewe Yvette wakapigwa risasi usiku huohuo kule Champlin, wakapona.

Barua yangu imempa aya nzuri ya rambirambi, na nadhani imetoka moyoni. Ila kwenye orodha ya mafanikio mheshimiwa ameandika "tulipitisha bajeti kwa pande zote mbili" bila kusema kwamba yule mama ndiye aliyebeba kura ambayo wenzake wote wa Democrat pale Barazani waliikwepa. Hata kama huipendi ile kura (mimi siipendi, nina rafiki anayetolewa bima Desemba akiwa katikati ya matibabu) sema nani aliipiga na kwa nini.

Omogusii 612

Hiyo ilituumiza sana huku. Mimi nilikuwa natoka shift asubuhi hiyo, simu inalia "kaeni ndani, msifungulie polisi akija peke yake", maana yule muuaji alijifanya polisi. Mama wa watu alikuwa akikuja mikutano yetu hapa mtaani bila mbwembwe.

Mama Ebeneza

Mungu awalaze pema. Huyo rafiki yako kaka mwambie kliniki za jamii zipo, zinachaji kwa kipato na haziulizi karatasi, asikatishe dawa.

Tozo Hapana

Nimesoma kimya. Swali moja tu, ninyi wenye grinikadi hamna kura, sasa kwa nini mbunge ajisumbue na nyie?

Mzee wa Theluji

Kura sina lakini wilaya inahesabiwa kwa watu wote wanaoishi humo, wenye kura na wasio nayo, kwa hiyo mimi ni mtu wake. Na kamati zinasikiliza mtu yeyote. Unaandika kwa ofisi ya kamati unaomba nafasi ya kutoa ushahidi, unaitwa, unapewa dakika chache, unaongea. Kiingereza cha Mbagala kinaruhusiwa, nimewasikia wengi. Ile leseni ya udereva kwa wote bila kujali hadhi ya uhamiaji, iliyoanza Oktoba 1, 2023, ilipita baada ya miaka karibu 20 ya watu kwenda kukaa kwenye viti vile na kusema nashindwa kumpeleka mtoto hospitali. Wengi wao hawakuwa na kura.

Wenye uraia sasa, Novemba 2026 viti vyote 201 vinagombewa, wawakilishi na maseneta pamoja. Barua zitaongezeka mpaka mkome.

Bint wa Tanga

Kabla uzi haujahama, ile hela ya wapangaji tunayorudishiwa na steti kila Agosti mbona mwaka huu sijaiona?

Mzee wa Theluji

Uliipata mapema bila kujua, au hukuiomba. Kuanzia kodi ya mwaka 2024 imehamishiwa ndani ya ritani ya kawaida ya kodi ya mapato, fomu inaitwa M1RENT, haisubiri Agosti tena. Mwenye nyumba lazima akupe ile CRP, cheti cha kodi ya pango, kufikia Januari 31 ikionyesha ulicholipa. Kama ulijaza ritani bila kuiambatanisha unaweza kufanya marekebisho, usiiache. Hiyo nayo ilikuwa mstari mmoja kwenye barua ya 2023, ukurasa wa nyuma chini ya picha ya mbwa.

Bint wa Tanga

CRP ninayo kwenye droo!! Sikujua ya nini.

Mwajiri Mdogo

Kikao kijacho kinaanza lini? Nataka na mimi nikaseme kwenye hizo kamati kuhusu malipo ya huduma za majumbani.

Mzee wa Theluji

Februari 17, 2026. Twende wote mkuu, wewe useme ya waajiri na Mama Ebeneza aseme ya wafanyakazi, wasikie pande zote kutoka kwetu wenyewe. Kwa kikao hicho ofisi za wawakilishi ziko jengo la Centennial maana lile la zamani linakarabatiwa.

Mama Ebeneza

Nitakuja nikiwa ofu. Paking je?

Dereva wa Njano

Mama usihangaike na paking, panda Green Line shuka Capitol/Rice Street unatembea kidogo tu. Vaa buti lakini, Februari hiyo.